Nguzo Moja, Hukumu Mbili

Katika utumishi wa umma wa nchi yetu ipo silaha ndogo ya karatasi inayoitwa barua ya kujieleza. Ina kazi yake halali. Mtumishi aliyepoteza jalada, aliyetoweka kazini wiki nzima, au aliyetumia gari la serikali kusafirishia mbuzi wake, anastahili kuulizwa kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujibu kabla ya kuadhibiwa. Haki ya kusikilizwa imo katika Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(a). Lakini silaha hiyohiyo ikielekezwa kwa mtu ambaye hana kosa la kuulizwa, barua inageuka kuwa adhabu yenyewe. Anayeipokea hulala macho, wenzake humkwepa kwenye korido, na hata akisafishwa baadaye, nakala inabaki katika jalada lake ikisubiri siku atakapoomba kupandishwa cheo.

Mwezi uliopita nililetewa barua ya namna hiyo niisome. Aliyenionyesha ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni mtumishi katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Ninaandika kwa ridhaa yake, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha. Alitakiwa aeleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu kwa “mwenendo usiofaa kwa mtumishi wa umma”. Ushahidi ulikuwa video fupi, isiyofika nusu dakika, iliyokuwa ikizunguka katika makundi ya WhatsApp. Inamwonyesha akiwa mazoezini siku ya Jumamosi, amevaa kaptura na fulana isiyo na mikono, akijaribu kukwea nguzo ya chuma. Anakwea hatua mbili, anateleza, anacheka, anaanza upya.

Aliniuliza, “Mwalimu, sasa hapa niandike nini? Najieleza kwa kukwea au kwa kuteleza?”

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa na ushahidi wangu mwingine, nao ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Darasa lile analosomea dada huyu ni darasa langu pia.

Darasa lenyewe

Naomba wasomaji wasinicheke kabla sijamaliza. Mke wangu ndiye aliyetangulia kujiandikisha. Mimi nilifuata baada ya daktari kuniambia kwamba mgongo wa mtu anayekaa kitini saa kumi kwa siku, akisahihisha mitihani na kusoma tasnifu za wengine, hautapona kwa vidonge. Unahitaji misuli. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa sasa, kila Jumamosi asubuhi, mimi mwenye shahada ya uzamivu nimekuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika fani ya kucheza dansi ya nguzo.

Neno kidato nimelichagua kwa makusudi. Kabla halijahamia shuleni, kidato ni ile pengo inayochongwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kuweka unyayo. Mnazi una vidato. Nguzo ya chuma haina. Ni bomba jembamba na laini, lenye kipenyo cha milimita 45 au karibu na hapo, limesimamishwa wima kutoka sakafuni hadi darini. Hakuna pa kukanyaga. Mwanafunzi anatakiwa ajitengenezee vidato kwa mwili wake mwenyewe.

Hatua ya kwanza hufanywa hivi. Unaishika nguzo kwa mikono yote miwili, mmoja juu ya mwingine, usawa wa uso au juu zaidi. Unainua mguu mmoja, unakunja unyayo kuelekea kwenye ugoko, na kuibandika nguzo mbele ya kifundo, ipande kwa mshazari kwenye ugoko hadi ndani ya goti. Kisha unaleta mguu wa pili kwa nyuma, ili shavu la mguu huo liibane nguzo kutoka upande wa pili. Sasa nguzo imenaswa katikati ya ugoko na shavu la mguu, kama kijiti katikati ya koleo. Unabana magoti. Halafu unasimama.

Ndiyo, unasimama, huku hakuna ardhi chini yako. Hapo ndipo wanaoanza tunaposhindwa. Akili inatuambia kwamba kukwea ni kazi ya mikono, basi tunajivuta kwa mabega, na baada ya majaribio matatu mikono inatetemeka. Mwalimu wetu hurudia kila wiki kwamba mikono ni ya kushikilia na miguu ndiyo ya kupandia. Ukishasimama, mikono inapanda juu, tumbo linakaza na kuyavuta magoti kifuani, miguu inabana upya, unasimama tena. Kila mzunguko unakuongezea kimo kidogo, pengine urefu wa rula ya mwanafunzi. Chumba chetu kina zaidi ya mita tatu kwenda juu. Ilinichukua majuma tisa kugusa dari.

Na unalipa kwa ngozi. Juu ya wayo na kwenye ugoko huota michubuko ya rangi ya zambarau, ambayo hupungua kadiri ngozi inavyozoea. Huruhusiwi kujipaka mafuta siku ya mazoezi, kwa sababu mafuta yatakuangusha wewe na kumwangusha anayekufuata. Katika joto la Dar es Salaam viganja vinatoa jasho, hivyo nguzo hufutwa kwa kitambaa kila baada ya zamu, na wengine hupaka unga wa chaki mikononi. Chini huwekwa godoro nene. Kushuka nako kuna kanuni: unarudi hatua kwa hatua, hupaswi kuporomoka, maana nguzo itakuunguza mapaja. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Kwetu darasani anayefikiri kukwea tu, bila kufikiri kushuka, ndiye anayeumia.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu anayeandika barua ya kujieleza anapaswa kujua anachokiuliza. Katika darasa letu wapo mhasibu, muuguzi, mama wa watoto watatu, na vijana wawili wa kiume wanaojiandaa na sarakasi. Hakuna taa za rangi wala pombe wala mtazamaji. Kuna watu wazima wanaojifunza jambo gumu, wanateleza mbele ya wenzao na kuanza tena.

Video mbili

Sasa ushahidi wangu. Miezi miwili kabla ya video ya dada huyu kuvuja, yangu nayo ilivuja. Mwanadarasa mmoja aliirekodi ili nione kosa la goti langu, ikatoka huko ikafika katika kundi la wahadhiri. Nimevaa kaptura fupi kuliko yake. Ninakwea vibaya kuliko yeye.

Je, nilipokea nini? Utani. Mwenzangu mmoja aliniita mkwezi na kuahidi kuniletea kisu cha kugemea. Mwingine aliuliza kama nazi nilizoangua zinauzwa kwa jumla au rejareja. Mkubwa wangu wa kazi alinivuta pembeni, nikadhani mambo yamekuwa mazito, kumbe alitaka kujua kama mazoezi hayo kweli yanasaidia mgongo, kwa sababu na wake unamsumbua. Hakuna aliyetaja maadili. Hakuna aliyeuliza kama wanafunzi wangu wataniheshimu. Nilionekana mzee mcheshi anayejitunza afya.

Chumba ni kilekile, nguzo ni ileile, mwalimu ni yuleyule, kaptura zinakaribiana. Kilichobadilika ni jinsia ya mkwezi. Mimi nilichekwa, yeye akaandikiwa barua. Ikiwa kukwea nguzo ni mwenendo usiofaa kwa mtu anayelipwa mshahara kutokana na kodi za wananchi, basi mimi ndiye niliyepaswa kutangulia, maana nililipwa kwanza, nikakwea kwanza na nikavuja kwanza.

Hoja za wanaoshutumu

Sipendi kuwajibu watu kwa kuwadharau, kwa hiyo nitazichukua hoja zao kama zilivyo.

Ya kwanza ni ya asili. Wanasema mchezo huu ulizaliwa katika vilabu vya usiku ambako wanawake huvua nguo kwa malipo. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na wapo wapenzi wa mchezo huu wanaoukana ukweli huo kwa aibu. Mimi siukani. Sehemu kubwa ya mbinu tunazojifunza leo zilinolewa na wanawake waliofanya kazi katika vilabu vya Amerika Kaskazini, na kutoka huko mafunzo ya mazoezi yakaenea duniani. Kuwachukulia wanawake hao ujuzi wao kisha kuwatemea mate ni dhuluma ya aina yake.

Lakini hiyo si asili pekee. Nchini India kuna mchezo wa mallakhamb, ambao jina lake linaunganisha mwanamieleka na nguzo. Wanamieleka waliutumia kujenga mwili, na kitabu cha Manasollasa cha karne ya 12 kinahusishwa na habari zake za mwanzo. Mapema karne ya 19 ulifufuliwa na Balambhatta Dada Deodhar, mwalimu wa Peshwa Bajirao wa Pili. Nguzo yake ni ya mti mgumu, hupakwa mafuta ya nyonyo, na wanaume huikwea wakiwa na kivazi kidogo kiunoni. Mwaka 2013 jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi. Hakuna anayewaita wakwezi hao wahuni. Wachina nao wana nguzo yao ya sarakasi, inayovishwa mpira ili isiteleze. Na dansi ya nguzo yenyewe ina shirikisho la kimataifa tangu mwaka 2009, lenye mashindano ya wanawake na wanaume, kanuni za alama, na nguzo mbili jukwaani, moja isiyozunguka na nyingine inayozunguka. Mwaka 2017 shirikisho hilo lilipewa hadhi ya mwangalizi katika umoja wa mashirikisho ya michezo duniani.

Nasi tunayo kumbukumbu yetu. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali yetu iliwapeleka vijana China kujifunza sarakasi, wakarudi na kuunda kikundi cha taifa. Taifa changa, lenye uhaba wa madaktari na wahandisi, liliona kwamba mwili wa kijana uliofunzwa nao ni utajiri. Tulikuwa maskini kuliko leo, lakini hatukuona haya.

Tena, kama asili ingekuwa ndiyo hukumu, ni sanaa gani yetu ingesalimika? Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, alidhihakiwa kwa nasaba yake na kwa kuthubutu kuimba hadharani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na leo hatuwezi kuandika historia ya taarabu bila yeye. Waliomdhihaki hatukumbuki hata majina yao.

Hoja ya pili ni ya mavazi. Kwa nini miguu iwe wazi? Jibu ni la darasa la fizikia: msuguano. Nguo huteleza kwenye chuma, ngozi hushika. Anayevaa suruali ndefu ataporomoka kabla hajafika kimo cha mita moja, na akilazimisha atavunjika. Mwogeleaji huvaa vazi la kuogelea, mwanariadha huvaa bukta, mchezaji wa netiboli huvaa sketi fupi, na watumishi wa umma hushiriki riadha na netiboli kwenye mashindano yao wenyewe, viongozi wakiwa jukwaani wakipiga makofi. Waraka wa mavazi ya watumishi unahusu mavazi ya kazini. Haujawahi kutuambia tuvae suti bwawani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Wanasema mtumishi wa umma ni kioo cha Serikali, hata nje ya saa za kazi. Nakubali kwa sehemu. Mtumishi anayelewa na kupigana mtaani, au anayepokea bahasha Jumapili, ameichafua ofisi hata kama ofisi imefungwa. Lakini maadili ya utumishi yametungwa kumlinda mwananchi dhidi ya dhuluma, upendeleo, uzembe na rushwa. Je, ni mwananchi gani aliyekosa huduma kwa sababu karani alikuwa akijifunza kukwea siku ya Jumamosi? Nimeuliza swali hili mara kadhaa na bado nangoja jibu.

Tumewahi kupita njia hii

Hii si mara ya kwanza kwa dola kutafuta heshima yake katika mapaja ya wanawake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikipiga marufuku sketi fupi, mawigi, mkorogo na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Kwenye karatasi marufuku iliwagusa wanaume pia. Mitaani, wanawake ndio walioshambuliwa Dar es Salaam, hata kabla tarehe ya utekelezaji haijafika. Mwaka 1972 Idi Amin alipiga marufuku sketi fupi nchini Uganda, na historia imekwisha kutuambia kama maadili ya utawala ule yaliokolewa na urefu wa pindo. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliojiita walinzi wa heshima.

Katika matukio hayo yote kuna mfanano mmoja. Wanaotangaza vita dhidi ya vazi la mwanamke huwa na mambo mengine mazito yanayowashinda. Kupambana na upotevu wa fedha za umma kunahitaji ushahidi, ujasiri na muda mrefu. Kumwandikia barua karani wa kike kunahitaji karatasi moja na muhuri. Ofisi inayoshindwa kumwuliza mkubwa kuhusu zabuni hupata faraja ya kumwuliza mdogo kuhusu kaptura, na mwisho wa mwaka huandika kwamba imesimamia nidhamu.

Kosa liko wapi?

Kosa lipo, ila limetafutwa mahali pasipo lenyewe. Video ile ilirekodiwa kwa ajili ya mafunzo na kuwekwa katika kundi la wanadarasa. Mtu mmoja aliitoa huko bila ridhaa. Mwingine aliiongezea maneno ya kashfa. Wa tatu aliifikisha kwa mwajiri. Na mwajiri, badala ya kumlinda mtumishi wake, akaipokea kama kielelezo.

Ibara ya 16 ya Katiba inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imejengwa juu ya kanuni kwamba taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa kusudi moja isitumiwe kwa kusudi jingine lisilohusiana nalo, na tunayo Tume ya kusimamia sheria hiyo. Picha ya mtu akiteleza kwenye nguzo ni taarifa yake. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake.

Kwa hiyo nina maneno kwa makundi matatu ambayo husoma ukurasa huu.

Kwa wakuu wa idara na maofisa rasilimali watu: kabla hujasaini barua ya kujieleza, jiulize maswali mawili. Ni kanuni gani, kwa namba yake, iliyovunjwa? Na je, ningeiandika barua hii kama mhusika angekuwa mwanamume? Ukikosa jibu la swali moja kati ya hayo, irudishe barua kwa mwandishi wake. Na ikiwa imekwisha kutumwa, ifute kwa maandishi na uondoe nakala katika jalada, maana kunyamaza si kufuta.

Kwa wanaharakati: msisubiri kesi zenye damu. Haki nyingi za wanawake makazini huliwa kidogokidogo na karatasi za namna hii, ambazo hazifiki mahakamani kwa sababu aliyeandikiwa anaogopa kupoteza mkate. Msaidieni mtu katika siku zile saba. Anahitaji mtu wa kusoma naye rasimu ya majibu kuliko anavyohitaji kongamano mwaka ujao.

Kwa wanafunzi wangu, hasa ninyi ambao video hiyo imewafikia na mkaisogeza mbele huku mkicheka: kidole kile kilichobonyeza ndicho kilichoibeba hadi mezani kwa mwajiri wake. Ifuteni. Na anayewaletea nyingine, mwambieni hamwihitaji.

Dada yule alijibu barua yake kwa aya nne. Aya ya kwanza ilikiri kwamba aliyemo katika video ni yeye. Ya pili ilieleza siku, saa na mahali, kwamba ilikuwa nje ya kazi na nje ya ofisi. Ya tatu iliomba atajiwe kanuni aliyoivunja. Ya nne iliomba mwajiri achunguze nani aliyeisambaza taarifa yake binafsi bila ridhaa. Hakuomba radhi, nami nilimshauri asiombe, kwa sababu radhi isiyo na kosa huzaa kosa katika jalada. Hadi ninapoandika haya hajapata jibu lolote. Anakwenda kazini kila siku, anahudumia wananchi, na hajui mwisho wa mwezi utamkuta wapi.

Jumamosi bado anakuja. Mwalimu amempa nguzo ya kona, mbali na dirisha, kwa hiari yake mwenyewe dada huyo. Hilo la dirisha ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mtu mzima, msomi, mlipa kodi, ameanza kujificha akijifunza.

Ofisi iliyomwandikia ina wajibu wa kumjibu. Naomba kutoa hoja.